GHERA NA ELIMU: MAFUNZO YA SINEMA YA "RISALA"

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake walioudhiwa kwa ajili ya dini hii wakasubiri.

Amma baad. Ghera ya dini ni sifa tukufu, na moyo usio na ghera ni moyo mgonjwa. Lakini ghera ni mfano wa moto: ukiwa ndani ya meko hupika chakula, na ukitoka nje ya meko huchoma nyumba. Meko ya ghera ni elimu. Katika fasili hizi itaelezwa khabari ya sinema moja iliyotoka mwaka 1976, iliyoonyesha mateso waliyoyapata Waislamu wa kwanza katika Makka, na jinsi watu walivyoipokea: wengine kwa elimu, na wengine kwa ghera isiyokuwa na elimu. Makusudio ni kubainisha kanuni moja waliyoiweka wanavyuoni wetu, nayo ni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kitu hicho. Asiyekijua hana hukumu juu yake.

FASILI YA KWANZA: Mateso yenyewe

Hapana budi kwanza yakumbukwe yale mambo yenyewe, maana sinema ni kivuli, na asili yake imo katika vitabu vya sira.

Mtume (S.A.W.) alipodhihirisha wito wake, Makureshi waliwaelekea wale wasiokuwa na watu wa kuwatetea. Bilal bin Rabah, mtumwa wa Umayya bin Khalaf, alilazwa juu ya mchanga wa moto wakati wa adhuhuri, akawekewa jiwe kubwa kifuani, naye hakuacha kumpwekesha Mola wake, mpaka Abu Bakr (R.A.) akamnunua na kumwacha huru. Yasir na mkewe Sumayya waliteswa pamoja na mwana wao Ammar. Sumayya aliuawa na Abu Jahl kwa mkuki, naye ni shahidi wa kwanza katika Uislamu. Ammar alizidiwa na adhabu hata akatamka kwa ulimi yale waliyoyataka, na moyo wake umetulia juu ya imani, na aya ya 106 ya Suratun Nahl ikabainisha udhuru wa aliyelazimishwa.

Mwaka wa tano wa Utume, yaani kiasi cha mwaka 615, baadhi ya Waislamu walivuka bahari wakenda Habasha. Makureshi wakapeleka wajumbe na zawadi ili warudishwe. Basi Najashi, naye wakati huo alikuwa mfalme wa Kinasara, hakuwatoa kwa maneno ya washitaki tu. Aliwaita akawasikiliza wenyewe. Ja'far bin Abi Talib akaeleza khabari ya dini yao, akasoma aya za mwanzo za Surat Maryam, na Najashi akalia, akazikataa zile zawadi. Msomaji na aikumbuke sana khabari hii ya mfalme aliyesikiliza kabla ya kuhukumu, maana hapo mbele itahitajiwa.

Kisha Bani Hashim wakatengwa katika bonde la Abu Talib muda wa miaka kama mitatu, wasiuziwe wala wasiozwe, hata wakala majani ya miti kwa njaa. Baada ya hayo ikawa Hijra, na Badr, na Uhud alipouawa Hamza (R.A.), mpaka mwaka wa 8 wa Hijra, ndio mwaka 630, Mtume (S.A.W.) alipoingia Makka akiwa mwenye nguvu, akawasamehe waliomtesa.

FASILI YA PILI: Sinema ilivyotengenezwa

Mtu aliyeyachukua mambo haya akayafanya sinema ni Moustapha Akkad, Muislamu mzaliwa wa Halab katika nchi ya Sham, aliyekwenda Marekani kusoma kazi hiyo angali kijana. Makusudio yake yalikuwa watu wa Magharibi waijue asili ya Uislamu. Akaitengeneza mara mbili, moja kwa Kiarabu na moja kwa Kiingereza, kila moja na wachezaji wake. Ile ya Kiarabu iliitwa "Ar-Risala". Mahali pa Hamza katika ile ya Kiarabu alisimama Abdullah Gaith wa Misri, na katika ile ya Kiingereza Anthony Quinn. Mahali pa Hind binti Utba walisimama Muna Wassef wa Sham na Irene Papas wa Uyunani. Mahali pa Bilal, katika ile ya Kiingereza, alisimama Johnny Sekka, mzaliwa wa Senegal.

Mtengenezaji hakumwonyesha Mtume (S.A.W.) hata kidogo: si sura yake, si kivuli chake, wala sauti yake haisikiki. Mahali alipokuwa amesimama Mtume, pamewekwa jicho la mashine, na wanaosema naye huelekea huko, kisha hunyamaza kama wanaosikiliza jawabu. Wala hakuwaonyesha wake wa Mtume, wala watoto wake, wala makhalifa wanne. Sayyidna Ali haonekani, ila huonekana upanga wake. Na mwanzoni mwa sinema yameandikwa maneno kwamba maulamaa wa Al-Azhar, na baraza la Mashia wa Lebanon, waliyathibitisha yaliyomo.

FASILI YA TATU: Waliopinga, na hoja zao

Kazi hiyo haikupita kwa salama. Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, yenye makao yake Makka, iliikataa. Akkad alianza kupiga picha zake katika Maghribi kwa idhini ya Mfalme Hassan wa Pili, lakini baada ya miezi, kwa kusukumwa na Saudia, mfalme akamsimamisha, naye akahamia Libya, na serikali ya huko ikamsaidia kwa mali mpaka akamaliza. Misri nayo ikaizuia isionyeshwe.

Si haki kusema kwamba wote waliopinga walipinga kwa ujinga. Wako waliokuwa na hoja, na hoja zao ni tatu.

Ya kwanza ni hukumu ya picha za viumbe vyenye roho. Imam Nawawi, naye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi'i, alisema katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba kuvichora viumbe hivyo ni haramu kubwa, ikiwa sanamu ina kivuli au haina. Ulipozuka upigaji picha kwa mashine, maulamaa wakakhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, alisema kwamba hiyo si kuumba sura bali ni kukizuia kivuli kilichokwisha umbwa na Mwenyezi Mungu, na wengine hawakukubaliana naye.

Ya pili ni heshima ya Mitume na masahaba. Kumwigiza Mtume (S.A.W.) maulamaa wa Sunna wa zama hizi wamekukataza. Mwaka 1926 mchezaji mmoja mashuhuri wa Misri, Youssef Wahbi, alipokubali kumwigiza Mtume katika sinema ya watu wa Ulaya, Al-Azhar ilisimama, na Mfalme Fuad akamtisha kumwondolea uraia, basi akaacha. Ama masahaba, waliokataza wamesema hivi: mchezaji leo ni Hamza, kesho ni mlevi katika mchezo mwingine, na mtazamaji akisikia jina la Hamza humjia machoni sura ya yule mchezaji. Na hoja hii ina uzito, kwani Anthony Quinn na Irene Papas wote wawili walikwisha julikana na watu kwa sinema ya mwaka 1964 ya Zorba, yenye ngoma na ulevi.

Ya tatu ni kumtilia sahaba kinywani maneno asiyoyasema. Sira ina mipaka yake, na mtunga mchezo hawezi kuijaza saa tatu bila ya kuongeza maneno yake.

Waliojuzisha nao walijibu. Walisema kwamba heshima ya Mtume imehifadhiwa, kwa kuwa haonekani wala hasikiki. Na kwamba mwenye kusimulia maneno ya kufuru ili kuyabainisha si kafiri, basi anayeigiza maneno ya Abu Jahl si Abu Jahl. Na kwamba jambo likiwa na manufaa makubwa ya kuwafikia wasiojua, hutazamwa kwa makusudio yake.

Hii ndiyo khitilafu ya wanavyuoni. Kila upande ulijua unalolinena, na ulinena kwa ulimi na kalamu.

FASILI YA NNE: Msiba wa Washington

Sasa yaja waliohukumu bila ya kujua.

Sinema ilipoanza kuonyeshwa London mwezi wa Julai 1976, ilikuwa na jina lililomtaja Mtume Muhammad. Wakatokea watu kupiga simu na kutoa vitisho, hata jina likageuzwa ikaitwa "Risala" tu, kwa Kiingereza "The Message". Khabari zikaenea midomoni mwa watu kwamba Mtume ameigizwa, na kwamba aliyemwigiza ni Anthony Quinn. Jambo hilo halikuwa kweli, lakini uwongo una mbawa na ukweli huenda kwa miguu.

Tarehe 9 Machi 1977, siku ilipokuwa ianze kuonyeshwa Marekani, watu 12 wenye silaha wakiongozwa na Hamaas Abdul Khaalis waliyavamia majumba matatu katika mji wa Washington: nyumba ya jumuiya ya Mayahudi, nyumba ya serikali ya mji, na Markazi ya Kiislamu, yaani msikiti. Wakawashika watu 149. Kijana mmoja, mwandishi wa khabari wa redio, akapigwa risasi akafa. Na katika matakwa yao mojawapo lilikuwa sinema hiyo isionyeshwe. Wenye majumba ya sinema wakaiondoa.

Yafaa kusema kwa insafu kwamba mtu huyu alikuwa na jeraha la kweli. Mwezi wa Januari 1973 watu 7 waliuawa katika nyumba yake, wengi wao watoto, na waliowaua walikuwa wa kundi alilokuwa akilipinga. Katika matakwa yake alitaka pia apewe wale wauaji. Basi huzuni yake ilikuwa na sababu. Lakini huzuni haimhalalishii mtu damu ya asiyemkosea, na waliokuwamo katika yale majumba matatu hawakumkosea. Wala sinema haikuua watoto wake. Naye aliipinga hali ya kuwa hajaiona.

Tena msomaji azingatie jambo la ajabu. Watu hawa walidai kuitetea heshima ya Mtume (S.A.W.), na katika majumba waliyoyavamia moja ni nyumba ya ibada ya umma wa Mtume, na katika waliowashika alikuwamo mkuu wa Markazi hiyo, mwanachuoni aliyesoma Al-Azhar. Sinema ilikuwa ikionyesha watu wanaoteswa kwa kusema La ilaha illa Llah. Nao, kwa kuikataa sinema hiyo, wakawashika kwa silaha watu wanaosema La ilaha illa Llah. Na kundi lile lilijiita Hanafi. Lakini Imam Abu Hanifa (Mungu amrehemu) na madhehebu yake wako mbali na jambo hilo, kama ilivyo mbali mbingu na ardhi.

Lililowaokoa wale watu halikuwa bunduki. Mabalozi watatu Waislamu, wa Misri, wa Pakistani na wa Irani, walikaa na Khaalis meza moja, wakazungumza naye na kumsomea maneno ya Qur'ani yenye kuamrisha upole na huruma. Tarehe 11 Machi akawaachilia. Baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 41 kwa uchache, naye akafa gerezani mwaka 2003. Basi Qur'ani ile ile aliyodhani anaitetea ndiyo iliyomtoa katika njia aliyoishika, lakini baada ya mtu kwisha kufa.

FASILI YA TANO: Mizani ya sharia

Akiuliza mtu: Je, mwenye ghera afanye nini asikiapo khabari ya jambo linaloivunjia dini heshima?

Jawabu: Azishike amri tatu za Qur'ani. Katika aya ya 6 ya Suratul Hujurat, waumini wameamrishwa kuipeleleza khabari kabla ya kuitenda, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Katika aya ya 36 ya Suratul Israi, mtu amekatazwa kulifuata asilokuwa na ujuzi nalo, kwa kuwa masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Na katika aya ya 8 ya Suratul Maida, waumini wameonywa kwamba chuki yao kwa watu isiwafanye waache uadilifu. Aliyezishika tatu hizi hawezi kumwaga damu kwa uvumi.

Akiuliza tena: Je, haikuwa haki kumkasirikia anayemdhihaki Mtume?

Jawabu: Hakika kumpenda Mtume ni katika imani. Lakini apendaye hufuata. Na hapana aliyeudhiwa kuliko Mtume mwenyewe. Alipokwenda Taif wakampiga mawe hata miguu ikachuruzika damu, malaika wa milima alimjia akimwuliza kama awaangamize, naye akakataa, akataraji kwamba katika vizazi vyao watatoka wenye kumwabudu Mwenyezi Mungu. Na Wahshi, aliyemwua ami yake Hamza, alipokuja kusilimu alikubaliwa, ingawa Mtume kwa uchungu wa ami yake alimtaka asimkae mbele ya macho. Na Hind naye alikubaliwa. Yote haya ni mambo ya Makka ile ile iliyomo katika sinema. Basi aliyeua kwa ajili ya hadithi hii hakuijua hadithi yenyewe, wala mwisho wake.

Akiuliza: Je, ni halali kuitazama sinema hiyo?

Jawabu: Hii ni mas-ala yenye khitilafu, kama ilivyotangulia. Mwenye kuacha kuitazama kwa kujihadhari, ameshika njia ya salama katika dini yake, na hiyo ni bora. Na mwenye kuitazama kwa kufuata kauli ya waliojuzisha, asiitwe fasiki, wala asihamwe msikitini. Maulamaa wamesema kwamba jambo walilokhitalifiana wenyewe halikataziwi kwa ukali. Saudia yenyewe, iliyoikataza zamani, iliruhusu ionyeshwe katika majumba yake ya sinema mwezi wa Juni 2018. Jambo hilo si hoja ya sharia, maana ruhusa ya serikali haigeuzi haramu kuwa halali. Lakini ni zingatio kwa aliyekuwa tayari jana kuua kwa jambo ambalo leo laonyeshwa hadharani.

Ila ni wajibu mwenye kuitazama ajue upungufu wake. Kwa kuwa makhalifa wanne na wake wa Mtume hawaonekani, kwa adabu, mtazamaji asiyesoma huondoka asijue Bibi Khadija alitoa nini kwa mali yake na nafsi yake, wala Sayyidna Abu Bakr alifanya nini siku ya kumkomboa Bilal na siku ya Hijra, wala Makka ilitikisika vipi aliposilimu Sayyidna Umar. Sinema iliwaficha kwa heshima, na ujinga huweza kuwaficha milele. Dawa yake ni kusoma sira. Mtoto akiijua dini yake kwa sinema peke yake, amejua kivuli akaacha mti.

KHATIMA: Faida za kushikwa

Ya kwanza: usihukumu kwa kusikia. Najashi hakuwa Muislamu siku ile alipoletewa mashitaka, wala hakuwa na aya ya Hujurat mkononi, naye alisema waletwe wasikilizwe. Ni aibu kwa mwenye Qur'ani kushindwa na aliyekuwa hana.

Ya pili: ukikataa, kataa kwa elimu na kwa ulimi. Rabita na Al-Azhar zilinena na kuandika, na neno la mwanachuoni hubaki. Risasi ya Washington ilibakisha maiti mmoja na aibu.

Ya tatu: mwenye jeraha na ajihadhari na jeraha lake. Aliyedhulumiwa akimdhulumu mwingine asiyemkosea, ameitupa haki yake mwenyewe. Bilal aliyewekewa jiwe kifuani alikuja kupanda juu ya Al-Kaaba akaadhini, wala haikuandikwa kwamba alitafuta mtu asiye na hatia amwekee jiwe.

Ya nne: wafundisheni vijana sira majumbani na vyuoni, baada ya magharibi na katika darasa za Ramadhani, kwa lugha wanayoifahamu. Kijana aliyeujua upole wa Taif hadanganywi na mwenye kumwita kumwaga damu kwa jina la Mtume.

Na khabari ya mwisho ni ya Moustapha Akkad mwenyewe. Mwezi wa Novemba 2005 alikuwa katika mji wa Amman, katika nyumba ya wageni, na binti yake alikuja kwa ajili ya arusi. Wakaja watu wanaodai jihadi wakajilipua. Binti yake akafa, naye akafa kwa majeraha baada ya siku mbili. Mtu aliyetumia umri wake kuwaonyesha walimwengu kwamba Uislamu ulianza kwa watu walioteswa wala hawakutesa, aliuawa na ghera ile ile iliyokosa elimu. Hesabu yake na hesabu yao iko kwa Mola asiyedhulumu.

Ewe Mola, turuzuku ghera yenye elimu, na elimu yenye upole, na utujaalie tumfuate Mtume wako kwa vitendo kama tunavyompenda kwa ndimi. Uzihifadhi damu za waja wako, na uwatie nuru vijana wetu. Amin.

Wallahu aalam.